Utepe wa mshazari: kupima ufa unaotambaa

Ukitaka kujua kama ufa wa ardhini unatembea, usivushe utepe kwa pembe mraba. Mwaka mzima niliupima hivyo ufa unaoshuka na mteremko kati ya mikorosho ya shangazi, ukingoni mwa Newala, na namba hazikubadilika. Siku moja shangazi akanishika mkono hadi kwenye mstari wa mawe aliopanga kuzuia maji. "Mwanangu, tazama, upande ule umeshuka umetuacha." Kweli, mawe yalikuwa yamepishana upana wa kidole.

Pande zikipishana, utepe wa pembe mraba hauoni kitu. Kwa mita 10, mpishano wa milimita 5 unaurefusha kama sehemu moja ya elfu ya milimita. Ulaze mshazari wa digrii 45, utapata milimita 3.5. Huko California, ufa wa San Andreas huteleza karibu sentimita 3 kwa mwaka katika kipande chake cha kati, na waya za kuupima nazo hulazwa mshazari.

Nikaanza upya na vigingi vitatu: kimoja upande wa nyumba, viwili ng'ambo ya ufa, njia mbili zitoke kwenye kile kimoja kama herufi V. Pande zikipishana, njia moja hurefuka na nyingine hupungua. Ufa ukipanuka, zote mbili hurefuka.

Kigingi ni nondo ya milimita 16, urefu mita moja na nusu. Zege limwagwe chini tu. Juu, ivishe kipande cha bomba la plastiki, maana udongo wa juu huvimba masika na kusinyaa kiangazi, ukiishika nondo utaivuta. Kichwani kata msalaba kwa msumeno wa chuma. Hapo ndipo unaposomea.

Utepe uwe wa chuma, uvutwe kwa nguvu ileile kila safari. Mimi hufunga mizani ya springi nikavuta kilo 5. Pima alfajiri: joto likipanda digrii 10, utepe wa mita 10 hurefuka milimita 1.2, zaidi ya mwendo wa ufa kwa miezi kadhaa. Andika saa, joto na mvua.

Kiangazi pima mara moja kwa mwezi, masika kila wiki. Namba ya wiki ikifikia iliyokuwa ya mwezi, usisubiri kipimo kingine, hamisha watu. Shangazi sasa analala nyumba ya mbele, na vigingi bado tunavipima.