Maji ya moto kambini: chemsha kidogo, changanya

Ukiwa kambini au kwenye kibanda kisicho na umeme, usihangaike kupasha moto ndoo nzima. Chemsha lita 3 tu. Tia lita 6 za maji baridi kwenye ndoo kwanza, kisha mimina yale yanayochemka. Kama ya baridi yalikuwa nyuzi 15 hivi, utapata lita 9 za takriban nyuzi 43, na ndoo yenyewe itapunguza joto kidogo. Hayo yanatosha kuoga mtu mmoja, hata wawili wasio na makuu. Kipampu cha betri chenye bomba la mvua ukitumbukize baada ya kuchanganya, maana vingi havistahimili maji yanayochemka.

Mfuko mweusi wa maji wa kuanika juani ni mzuri pia, ila wingu likitanda umeumia.

Wenye hita ya maji ya gesi ya kubebeka: ifungeni nje, kwenye hewa wazi, hata kukiwa na baridi kali. Moto wake hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu wala rangi, na inaua. Dirisha lililofunguliwa kidogo halitoshi. Kukitarajiwa barafu usiku, mwageni maji yote yaliyobaki ndani ya hita, la sivyo mabomba yatapasuka.