Kijana ana pumu halafu ana aleji ya chakula? Fanyeni hivi

Nyumba nyingi zinachukulia haya kama magonjwa mawili yasiyojuana, pumu dawa yake inhela, aleji ya karanga dawa yake usile karanga, basi yameisha. Hapana jamani. Kijana akiwa na vyote viwili, pumu ndiyo inayoweza kuitoa aleji kwenye vipele na kuwashwa ikaipeleka kwenye kukata pumzi. Ripoti za Marekani na Uingereza kuhusu vifo vya aleji ya chakula zinaonyesha wengi walikuwa vijana, wengi walikuwa na pumu, na sindano ya adrenalini, ile dawa ya dharura ya aleji kali, ilichelewa au haikuwepo kabisa.

Kwa hiyo anza na pumu kwanza, chakula baadae. Muulize taratibu, asione anahojiwa: wiki 4 zilizopita umeamka usiku kwa kukohoa au kubanwa? Inhela ya bluu umeitumia zaidi ya mara 2 kwa wiki? Umeshindwa kumaliza mechi? Hata ndiyo moja tu ni sababu ya kurudi kwa daktari, maana ile ya bluu inafungua njia ya hewa kwa muda tu, haitibu uvimbe wa ndani, anahitaji na inhela ya kuzuia yenye steroidi, ya kila siku au ile daktari atakavyompangia, na asukutue mdomo akimaliza. Vijana wengi wanaiacha hii wakiona wako fiti na hapo ndipo hatari inapojijenga kimyakimya.

Sasa chakula. Chukueni daftari au simu, andikeni alichokula, saa ngapi, dalili zilianza saa ngapi. Aleji ya chakula kwa kawaida inajitokeza ndani ya dakika chache mpaka saa 2, na mara nyingi kifua hakiji peke yake, inakuja na midomo kuvimba, vipele, tumbo kukata, kutapika. Kama kifua kinambana kila siku bila dalili nyingine yoyote, ni nadra sana kuwa chakula, kwa hiyo usimkatie maziwa, mayai na samaki kwa kuhisi tu, anakua huyo anahitaji kula! Pelekeni hilo daftari hospitali wampime kwa ngozi au damu. Na vile vipimo vya IgG (aina ya kingamwili kwenye damu) vinavyouzwa kwa hela nyingi vikileta orodha ya vyakula 40 vya kuacha, achaneni navyo, havithibitishi aleji.

Ukishajua adui ni nani, mtafute anapojificha. Karanga ipo kwenye uji wa lishe, kashata, mchicha wa karanga. Ufuta kwenye mikate na halua. Chipsi zinakaangwa kwenye mafuta yaliyotoka kukaanga samaki. Mwenye aleji kali ya samaki au kamba asikae jikoni vikikaangwa, ule mvuke wenyewe unaweza kumbana kifua. Na mwenye aleji ya vidudu vya vumbi la godoro au mende, mwili wake unaweza kumkataa na kamba, protini zao zinafanana.

Siku ikitokea, dalili za mwanzo ni ndogo mno. Mdogo wangu wa kike huwa anaanza kujikuna kaakaa kwa ulimi halafu anasafisha koo, kikohozi kidogo kikavu, huku anasema niko poa. Hayuko poa. Kijana mwenye aleji inayojulikana akibanwa kifua ghafla baada ya kula, adrenalini kwanza, kwenye paja upande wa nje, halafu ndiyo inhela ya bluu. Sio inhela kwanza tuone, sio Piritoni halafu alale, sio maziwa. Kama ana kalamu ya adrenalini (sindano iliyojazwa tayari, anajichoma mwenyewe) na dakika 5 zimepita bila nafuu, choma ya pili. Mlaze miguu juu, akishindwa kupumua akae ameegemea, lakini asisimame wala kutembea ghafla, presha inaweza kushuka akaanguka. Ndiyo maana kumpeleka hospitali nasema bajaji au taksi, boda hapana.

Inhela ya bluu anapulizwa moja moja kupitia spesa, kile chombo cha plastiki kinachokaa kati ya inhela na mdomo, kila mpulizo anavuta pumzi 4 mpaka 6, na anaweza kufika mipulizo 10. Huna spesa, chupa ya maji ya nusu lita inafanya kazi hiyo. Pinda waya ufuate umbo la mdomo wa inhela, upashe moto, yeyusha tundu kwenye kitako cha chupa inhela iingie ikabane, ziba pembeni kwa gluu, mdomo wa chupa ndio unakuwa wa mgonjwa. Ioshe kwa maji ya sabuni, ikauke yenyewe bila kufutwa. Itengeneze leo, sio siku ya tukio.

Kalamu za adrenalini huku kwetu ni ngumu kupata na ni ghali, najua. Basi nenda leo kituo cha afya cha karibu uulize mawili tu: adrenalini mnayo? Usiku mpo? Wakisema hawana, uliza kituo kingine mpaka upate. Na kijana akariri sentensi ya kusema mlangoni: nina pumu na aleji ya karanga, nimekula, kifua kinabana, nahitaji adrenalini. Asiseme pumu tu, ataishia kwenye nebulaiza, ile mashine ya kuvuta dawa ya pumu kama mvuke.

Wa bweni, ongea na matroni au patroni ana kwa ana, fomu ya shule inaishia kwenye faili. Inhela ikae mfukoni mwake, sio kwenye kabati la ofisi linalofungwa saa 10 jioni. Na rafiki zake 2 wajue, maana yeye mwenyewe ataona aibu kusema mbele za watu.

Akipata nafuu hospitali msikimbilie nyumbani, dalili zinaweza kurudi masaa kadhaa baadae, ombeni aangaliwe. Na kabla hamjaondoka mwambie daktari aipitie upya ile inhela ya kuzuia.