Namna ya kupinga madai ya uhandisi mtandaoni kwa ushahidi

Mtu anayejitambulisha kuwa mhandisi wa miundo mwenye uzoefu wa miaka 15 anawashauri wajenzi mtandaoni waondoe mirunda, yaani nguzo za muda zinazobeba slabu (sakafu ya zege) hadi ikomae, siku ya saba baada ya zege kumwagwa, kwa madai kwamba zege limekwisha kukomaa. Nimekutana na ushauri wa namna hii zaidi ya mara moja katika kazi yangu ya usanifu wa majengo jijini Dar es Salaam, na siwezi kuupita kimya. Mji huu ulizika watu zaidi ya 30 baada ya jengo la Mtaa wa Indira Gandhi kuporomoka Machi 2013, ukazika tena baada ya jengo la Kariakoo kuanguka Novemba 2024. Hatua zifuatazo ndizo ninazozifuata mimi kabla ya kumwambia mtu hadharani kwamba siye anayedai kuwa.

Hatua ya kwanza: yaandike madai kama alivyoyasema

Nakili maneno yake yenyewe, bila kuyafupisha, pamoja na tarehe, na uhifadhi picha ya skrini. Kisha yagawe madai hayo: yapo yanayohusu cheo na usajili, yapo yanayohusu kazi alizozifanya, na yapo yanayohusu ujuzi wenyewe. Kila kundi lina ushahidi wake. Mtu anaweza kuwa amesajiliwa kihalali na bado akatoa ushauri wa hatari, na fundi asiye na cheti chochote anaweza kusema jambo sahihi kabisa kuhusu zege.

Hatua ya pili: tafuta jina katika daftari la usajili

Nchini Tanzania, wahandisi husajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, ambayo wengi tunaiita ERB, chini ya sheria ya mwaka 1997. Nchini Kenya kazi hiyo hufanywa na Bodi ya Wahandisi ya Kenya chini ya sheria ya mwaka 2011. Angalia kwanza ngazi. Mhandisi mhitimu ni mwenye shahada aliyesajiliwa ambaye bado anajifunza kazi chini ya uangalizi. Mhandisi mtaalamu amekwisha kupata uzoefu unaotakiwa na kupimwa. Mhandisi mshauri yuko juu zaidi. Fundi sanifu naye ana nafasi yake, na ni nafasi ya heshima, lakini siyo ya mhandisi. Mhandisi mhitimu anayejitangaza kuwa mtaalamu amesema jambo unaloweza kulipinga kwa mstari mmoja tu.

Kuwa mwangalifu sana na majina. Miaka kadhaa iliyopita nilimwandikia mwanamke mmoja, mbele ya watu, kwamba hayumo katika daftari. Alikuwamo, kwa jina la baba yake, ilhali mtandaoni alitumia jina la mumewe. Nilimwomba radhi mahali palepale nilipomshutumu, lakini waliosoma shutuma hawakuwa wote waliosoma radhi, na jambo hilo linaniuma hadi leo. Tangu hapo natafuta kwa kila mpangilio wa majina na kila tahajia, na nisipoona kitu naandika kwamba sikumwona katika daftari siku fulani, siandiki kwamba hajasajiliwa. Mtu anaweza pia kuwa amesajiliwa katika nchi nyingine; mwulize ni ipi.

Hatua ya tatu: linganisha tarehe

Miradi mikubwa ina kumbukumbu za wazi. Ujenzi wa Daraja la Kigamboni ulianza mwaka 2012 na daraja likafunguliwa Aprili 2016. Anayesema alisimamia umwagaji wa zege la nguzo zake mwaka 2009 anadaiwa maelezo. Hata hivyo usikimbilie hukumu, kwa kuwa uchunguzi wa udongo na usanifu hutangulia ujenzi kwa muda mrefu, na huenda alikuwamo katika kazi hizo. Uliza alikuwa na wadhifa gani na aliajiriwa na nani: mkandarasi, mshauri au mwenye mradi. Aliyefanya kazi hiyo hujibu bila kusita.

Hatua ya nne: pima ujuzi kwa hesabu ambayo msomaji anaweza kuirudia

Hapa ndipo ninapotumia muda mwingi zaidi, kwa sababu hapa hakuhitajiki bodi wala cheti. Uzito wa nondo kwa kila mita, katika kilo, hupatikana kwa kuzidisha kipenyo chake cha milimita kwa chenyewe, kisha kugawanya kwa 162. Nondo ya milimita 12 hutoa 144 gawanya kwa 162, yaani takriban kilo 0.89 kwa mita. Nondo nzima ya mita 12 ina kilo 10.7 hivi, na tani moja ina nondo 94 hivi. Mtu akikuambia kwamba tani moja ya nondo hizo ni vipande 120, ama hajui hesabu hiyo, ama anauza nondo nyembamba kuliko zinavyotajwa. Msomaji mwenye mzani dukani anaweza kuhakikisha mwenyewe.

Turudi kwenye mirunda. Nguvu ya zege inayotumika katika usanifu ni ile ya siku 28, na ndiyo maana vipande vya majaribio vya mchemraba wa milimita 150 huvunjwa maabara siku ya 7 na siku ya 28. Kwa saruji ya kawaida, zege lililomwagiliwa vizuri huwa limefikia takriban theluthi mbili ya nguvu hiyo siku ya saba. Mbao za ubavuni mwa boriti zinaweza kutoka mapema, kwa kuwa hazibebi kitu. Mirunda iliyobeba slabu ni suala jingine, na jibu lake hutegemea upana wa slabu kati ya kuta au boriti zinazoibeba, mzigo ulio juu yake na matokeo ya maabara. Kwa hiyo usimwandikie kwamba anadanganya. Mwulize: slabu ina upana gani, na vipande vilivyovunjwa siku ya saba vilionyesha nguvu kiasi gani?

Hatua ya tano: mwandikie yeye kwanza

Nampa siku tatu. Ujumbe wangu huwa wa namna hii: “Ndugu, habari za kazi. Ulisema tarehe 4 kwamba mirunda ya slabu iondolewe siku ya saba. Naomba kujua matokeo ya majaribio uliyotegemea, na namba yako ya usajili.” Wapo waliorekebisha maneno yao siku hiyohiyo, na mimi nikanyamaza.

Hatua ya sita: andika pingamizi

Nukuu dai, weka ushahidi wako chini yake, onyesha hesabu, taja siku uliyolitazama daftari. Acha neno “tapeli”, kwa kuwa linadai kwamba unaijua nia yake. Usichapishe simu yake, kitambulisho wala picha za familia yake. Tanzania ina sheria ya kulinda taarifa binafsi ya mwaka 2022, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inamfikia pia anayechapisha uongo, ukiwamo uongo wako. Akileta ushahidi, rekebisha maandishi yako juu kabisa, mahali ambapo msomaji ataona kwanza.

Ikiwa kuna jengo linaloendelea kujengwa kwa ushauri huo, usisubiri siku tatu. Mpigie mwenye jengo aiache mirunda mahali pake na asiruhusu mtu kupita chini ya slabu, kisha toa taarifa kwa halmashauri iliyotoa kibali cha ujenzi na kwa Bodi siku hiyohiyo, ukiambatisha maneno uliyoyanakili katika hatua ya kwanza.