Risiva ya hom thieta kwa bajeti ndogo: igeuze uangalie mgongo kwanza

Mimi nafunga masauti ya nyumbani huku Mombasa, Mji wa Kale, Kisauni, Likoni, saa zingine mpaka Mtwapa, na simu ninazopigiwa kila wikendi ni swali moja, "fundi, nimeona risiva hapa (ile mashine inayopokea sauti ya TV na kuisukuma kwa spika) imeandikwa wati elfu moja, nichukue?" Jibu langu nalo huwa moja, hebu igeuze unipigie picha ya nyuma. Manake mbele ni taa na kitasa cha voliumu tu, mambo yote yako mgongoni. Ntakwambia vile mimi mwenyewe hufanya nikienda kumnunulia mtu.

Hatua ya 1 ufanye ukiwa nyumbani kabla hujatia mguu dukani. Andika vitu vyote utakavyochomeka, TV, dekoda, gemu ya watoto, simu, halafu angalia nyuma ya TV kama kuna tundu la HDMI limeandikwa ARC, yaani linaloweza kurudisha sauti ya TV kwa risiva kwa waya huo huo. Kisha pima chumba. Wanaokaa nyumba za zamani za mawe wajua vile vyumba vilivyo virefu na vyembamba, kwa sababu upana ulifuata urefu wa boriti za mikoko, karibu mita mbili na nusu hadi tatu hivi, sasa chumba kama hicho ukitia spika saba utakaa ushagusana nazo masikio. Tano na sabufa moja, yaani 5.1, zatosha kabisa, na kwa bajeti ndogo mimi humwambia mtu ahesabu hivi, kama ana elfu sitini basi risiva isizidi elfu ishirini na tano, zinazobaki ziende kwa spika na sabufa na waya, manake masikio yako yasikia spika, hayasikii risiva.

Hatua ya 2 ni volti na hapa nitakaa kidogo kwa sababu hapa ndo watu hulia. Mitumba mingi ya vyombo vya sauti tunayoona huku yatoka Uingereza, Dubai, Japani na Marekani. Stima yetu ni volti 240, hezi 50. Ya Uingereza waichomeka tu. Ya Japani ni volti 100, ya Marekani ni 120, na ukiichomeka moja kwa moja ukutani haikupi nafasi ya pili. Mteja wangu mmoja wa Likoni alinunua risiva safi, inang'aa, muuzaji akamwambia hiyo ni plug and play, kufika nyumbani akaichomeka na adapta ya plagi, sekunde mbili moshi, na mimi nilipoifungua nikakuta transfoma imekwisha na haina spea. Nilimuonea uchungu walahi, alikuwa ameweka akiba miezi. Adapta ya plagi yabadilisha miguu ya plagi peke yake, volti ni zile zile.

Kwa hivyo nyuma, pale waya wa stima unapotokea, soma. Ukiona AC 220-240V au 230V uko sawa. Ukiona 100V au 120V, ama uiache ama uhesabu bei ya stepdauni, ile mashine ya kushusha volti, juu yake. Na stepdauni yenyewe ina mtego, nyingi zimetengenezwa kugawanya volti kwa mbili, 220 iwe 110, lakini sisi twapata 240 kwa hivyo itatoa 120. Mashine ya Marekani itafurahi, ya Japani itakuwa inakula volti ishirini zaidi kila siku na joto letu hili, haitadumu. Tafuta yenye tundu la 100V kabisa, na iwe na wati mara mbili ya zile risiva imeandikwa inakula.

Hatua ya 3, matundu. Risiva za bei ya chini zinazofahamika na si za zamani sana, kama Yamaha RX-V385, Denon AVR-S540BT na Sony STR-DH590, zote zilitoka 2018, zina HDMI za kuingiza nne ama tano, ya kutoa moja yenye ARC, zapitisha picha ya 4K na zina blutuuthi. Hazina Atmos, ile sauti ya Dolby inayotoka mpaka juu ya kichwa, na mimi sioni kama ni hasara, Atmos yataka spika za juu na nyumba nyingi ninazoingia hata feni ya dari yatikisika.

Lakini kama mfuko hauruhusu hizo usikate tamaa. ARC ilikuja na HDMI 1.4 mwaka 2009, kwa hivyo risiva ya kabla ya hapo haina, na nyingi za zamani hazipitishi 4K, ndio maana watu huziuza rahisi. Sasa wewe dekoda na gemu zichomeke kwenye TV moja kwa moja, halafu toa sauti kwenye TV uilete kwa risiva na waya wa optikali, ule unaopitisha sauti kwa mwanga. Optikali yabeba Dolby Digital, ile sauti ya 5.1 iliyobanwa, bila shida, TrueHD isiyopunguzwa ndo haiwezi. Jambo moja la kuangalia, TV zingine zikipokea sauti kwa HDMI zatoa stereo, sauti ya spika mbili, peke yake kwenye optikali, basi ikiwa yako ni hivo dekoda yenye tundu lake la optikali iunge risiva yenyewe. Na uingie setingi za dekoda uwashe Dolby, watu wengi wanakaa mwaka mzima na spika za nyuma kimya wakidhani risiva ni mbovu.

Hatua ya 4, wati, na hapa nitaenda mbio. Namba kubwa ya kwenye boksi mara nyingi imepimwa chaneli moja ikipiga, toni moja ya 1 kHz, sauti ikiwa ishaanza kukwaruza kwa asilimia 10. Namba ya kuamini ni ile yenye maneno 20 Hz mpaka 20 kHz, chaneli mbili zikipiga, na kukwaruza chini ya asilimia 0.1. Ile Yamaha niliyoitaja kwa kipimo hicho ni wati 70 na yajaza sebule ya kawaida mpaka jirani agonge ukuta. Kuongeza wati mara mbili ni desibeli 3 tu, tofauti ndogo kwa sikio. Tena angalia pale nyuma inakula wati ngapi, kama inakula 250 haiwezi kukaa ikitoa elfu, zitatoka wapi?

Hatua ya 5 ni spika ulizonazo. Wengi wana seti ya zamani ya hom thieta ya boksi moja yenye DVD, DVD imekufa, wataka kuhamisha spika zake. Geuza spika usome omu, kile kipimo cha ukinzani wa spika kwa umeme. Nyingi za seti hizo ni omu 3 au 4, na risiva nyingi za bajeti zataka 6 mpaka 8. Ukiunga za omu 3 risiva itachemka na kujizima, ukilazimisha utaiua. Na sabufa ya seti hiyo haina amplifaya ndani, lakini tundu la SUBWOOFER kwenye risiva latoa ishara ndogo tu, sio nguvu, kwa hivyo lazima sabufa iwe na waya wake wa stima.

Hatua ya 6, kupima kabla ya kulipa. Mimi hubeba spika moja ndogo, waya wa spika, waya wa HDMI na flashi ya taa. Namulika mgongo natafuta kutu ya kijani kwenye matundu, hii chumvi ya bahari haibakishi kitu. Napiga kila chaneli, zote tano na spika ile ile, nikisikia chaneli yakatika voliumu ikiwa chini kisha yarudi nikiongeza, basi relei, ile swichi ya ndani ya kuunga spika, imechoka. Kila HDMI naichomeka, moja moja, kwa sababu bodi ya HDMI ndo hufa mapema na kuirekebisha ni ghali. Rimoti iwepo, kwa zingine setingi huingii bila rimoti. Na ulizia maiki yake ya kupimia chumba, ile Yamaha huiita YPAO, ikipotea usichukue ya kampuni nyingine, haipimi sawa. Halafu iache iwake nusu saa mkipiga stori na muuzaji, kisha uiguse juu. Vuguvugu ni kawaida, kama huwezi kuweka mkono iache hapo hapo.

Ukishafika nayo nyumbani weka kwenye TV gadi, stima ikirudi baada ya kukatika huja na kishindo. Juu iachie nafasi ya shubiri nzima, usiifunike kitambaa cha kufuma, najua akina mama wapenda lakini wakitafutie pahali pengine. Waya wa spika wa milimita 1.5 watosha. Spika ya katikati iwe chini ya TV ikitazama uso wako, maneno ya filamu na mtangazaji wa mpira hutokea pale. Za nyuma ziwe ubavuni kurudi nyuma kidogo, juu ya masikio, na kwa chumba chembamba zipandishe ukutani zaidi. Mpaka wa sabufa, yaani krosova, pale sauti nzito zinapoachiwa sabufa, uanze na 80 Hz.

Na ukitaka kusikiliza taarabu, za waimbaji wetu Juma Bhalo au Zein l'Abdin, toa hizo setingi za ukumbi uweke Stereo. Zilirekodiwa zamani bila spika za nyuma, ukizitawanya chumba kizima udi na fidla zapoteana, ukiweka mbili za mbele na sabufa ikiwa chini chini, utasikia mpaka kidole kikigusa waya.