Somo: Mfarishi wa viraka kwa vitambaa vilivyojaa kabatini, dakika kumi kumi

Haya jamani, somo la leo ni la yule ambaye kabati halifungiki tena. Una leso zimechanika katikati lakini pindo bado nzima, una madera ya harusi zilizopita, mabaki ya kitenge kutoka kwa fundi, mashati ya mzee yaliyochoka kola, na kila siku wasema nitashona nitashona, halafu siku yaisha na watoto, kazi na masufuria. Mimi naamini mfarishi, lile tandiko la kitandani la vitambaa vilivyoungwa, haungoji siku ya utulivu maanake hiyo siku haiji. Unashonwa hapo hapo katikati ya mambo mengine, dakika kumi kabla ya kuinjika chai, dakika kumi mtoto akilala, na siri yake yote ni kukata na kupanga mapema ili ukikaa kwenye cherehani usiwe na kitu cha kufikiria.

Vifaa si vingi. Cherehani yoyote, hata ile ya kukanyaga, tena hiyo ndiyo nzuri stima ikipotea. Makasi makali ya vitambaa pekee (watoto wasiguse wakakatia karatasi), rula ya mbao au ya chuma, chaki, pini, pasi, na kadibodi ngumu ya boksi la dukani.

HATUA YA 1: CHAGUA

Mwaga vyote chini kwenye mkeka. Unachotaka ni pamba: leso, kitenge, kikoi, mashuka ya zamani, mashati. Ukiwa na shaka na kitambaa, chukua uzi wake mdogo uuchome nje juu ya sahani. Pamba huungua kama karatasi na kuacha jivu laini, poliesta huyeyuka ikafanya kidonge kigumu cheusi. Shifoni na vitambaa vya buibui vyenye kuteleza weka kando, vitakutesa bure, vipe kazi nyingine.

Halafu usipange kwa rangi! Hapa ndipo wengi hupotea, waweka nyekundu na nyekundu, kijani na kijani, mwisho mfarishi unatoka umekufa macho. Panga kwa mwanga: vya kung'aa huku, vya kiza huku, basi. Leso ya manjano na shati jeupe la mistari ni ndugu, kitenge cha zambarau na kikoi cha buluu iliyoiva ni ndugu. Kama huoni tofauti, vipige picha na simu uigeuze iwe nyeusi na nyeupe, papo hapo utajua nani ni wa wapi.

HATUA YA 2: FUA

Fua kila kitu hata kama ni kipya, hasa leso mpya maanake ina wanga wa kiwandani na ikifuliwa yaweza kunywea kidogo. Nyekundu, nyeusi na buluu loweka peke yake, weka kitambaa cheupe humo ndani, kikitoka na rangi rudia maji mpaka kitoke safi. Ukiruka hii hatua rangi itachujia kwenye vipande vyako vyeupe siku ya kwanza ya kufua mfarishi mzima, na hapo hakuna dawa.

HATUA YA 3: KATA, NA UKATE KWA UTARATIBU

Hii ndiyo roho ya somo. Usikate leo kwa ajili ya mfarishi fulani, kata kwa saizi maalum kila ukipata nafasi, uweke. Mimi nakata tepe za inchi moja na nusu, inchi mbili, inchi mbili na nusu, na miraba midogo ya inchi mbili na nusu. Kila saizi ina mfuko wake ama ndoo yake. Kitambaa kikiwa kikubwa zaidi ya leso nusu hakikatwi, chakunjwa changoja kazi kubwa. Kikiwa chembamba chini ya inchi moja hicho ni cha kujazia mito.

Shati la mwanamume ukilifumua vizuri lina kitambaa kingi kuliko unavyodhani, mgongo peke yake ni kipande kikubwa kisicho na mshono. Mikono usisahau. Kola na sehemu ya vifungo ndizo za kutupa, lakini vifungo vyenyewe toa uweke.

Leso nayo ina ufundi wake. Tandaza uitazame: una pindo inayozunguka pande zote, una mji pale kati, na jina liko kwenye kijisanduku chake chini ya mji. Pindo kata tepe ndefu bila kuikatiza, kile kiwimbi ama korosho zikifuatana kwa urefu ndizo zitaupa mfarishi mwendo. Jina likate zima na kijisanduku chake, ukiacha nusu inchi kila upande, liweke mfuko wake peke yake. Utalipatia mahali, na mtu akilalia mfarishi akasoma maneno ya leso ya bibi yake hiyo ni raha ambayo hainunuliki dukani.

HATUA YA 4: SHONA MIRABA

Kwa anayeanza nampa mraba wa tepe, ndio rahisi na haukudai uwe na tepe za upana sawa. Chukua shuka kuukuu laini, ukate misingi, yaani vipande vya kushonea tepe juu yake, ya inchi kumi kwa kumi. Weka tepe ya kwanza kona kwa kona, uso juu. Juu yake weka ya pili uso chini, kingo zikutane, shona robo inchi kutoka ukingoni, ipindue, ipige pasi ama uikwaruze na ukucha kama pasi iko mbali, kisha ya tatu, hivyo hivyo kuelekea kona, halafu rudi upande wa pili mpaka msingi wote umefunikwa. Geuza, weka kadibodi yako ya inchi tisa na nusu mraba, chora na chaki, kata. Mraba umekwisha. Ile robo inchi usiikadirie kwa macho, bandika kipande cha plasta kwenye bamba la cherehani robo inchi kutoka sindano iwe ndiyo reli yako.

Ukitaka mfarishi usionekane fujo, tepe ya kwanza ya katikati iwe rangi moja kwenye miraba yote, tuseme nyeupe ya marekani. Ukija kuunga minne minne yatatokea maalmasi yenyewe, na hayo makelele mengine yote yatakaa kimya ndani yake.

Na sasa ule ujanja wa dakika kumi. Usishone mraba mmoja mpaka mwisho. Weka misingi sita pembeni, shona tepe moja kwenye kila msingi mfululizo bila kukata uzi katikati, zitoke zimefuatana kama bendera za maulidi, ndipo ukate, upige pasi zote mara moja. Ukiitwa na mtu unaacha hapo hapo, ukirudi kesho wajua uko wapi. Tena kila ukimaliza kazi nyingine, sare ya mtoto ama pazia la jirani, usikate uzi, pitisha miraba miwili midogo ya inchi mbili na nusu iliyowekwa uso kwa uso ndiyo ukate nyuma yake. Yaani kile kiuzi ambacho kingetupwa kimeunga viraka viwili, na baada ya muda utakuta mfuko umejaa jozi na hukumbuki ulizishona lini.

HATUA YA 5: PANGA NA UUNGE

Kitanda cha futi tatu kwa sita chataka miraba 54, sita kwa upana na tisa kwa urefu, na kwa kuwa kila mmoja ukishaungwa wabaki inchi tisa, inatoka inchi 54 kwa 81. Ya mtoto mchanga miraba 16 yatosha. Itandaze yote chini, simama juu ya kiti, kunja macho. Panapokuvuta jicho kwa nguvu pana kitu kimoja cha kung'aa sana kimekaa peke yake, mpe mwenzake upande wa pili. Ukiridhika piga picha kwanza, maanake paka na watoto hawana adabu na kazi ya mtu. Unga safu safu, mishono ya safu ya kwanza ipige pasi ielekee kulia, ya pili kushoto, ili zikikutana ziumane bila kuvimba.

HATUA YA 6: NYUMA NI DOTI MOJA YA LESO

Hii ndiyo sababu naipenda saizi hiyo. Leso moja ni kama sentimita 150 kwa 110. Doti ni leso mbili na huja zimeshikana, zikate katikati, halafu ziunganishe kwa ubavu mrefu. Unapata kama inchi 59 kwa 85, yaani imezidi miraba yako inchi mbili hivi kila upande. Pima lakini, leso zatofautiana. Itandaze uso chini kwenye sakafu, ivute iwe sawa, ibandike na tepu pembeni, tandika juu yake miraba uso juu, upige bandi za mkono kubwa kubwa, ile mishono mirefu ya kushikiza tu, kuanzia katikati kwenda nje.

Halafu shona mistari kwa cherehani ukifuata maungio ya miraba, ama funga vifundo vya uzi mnene kila inchi nne. Mwisho punguza ile leso iliyozidi ibaki inchi moja na nusu, ikunje mara mbili ije mbele, uishone. Pindo ya leso itakuja kuzunguka mbele ya mfarishi wako kama fremu, hukununua upapi wa kuzungushia ukingo wala hukukata. Pale katikati nyuma pindo mbili zitakuwa zimekutana, na inapendeza sana.

Na mtu asikwambie viraka ni umaskini. Inasimuliwa kwamba leso yenyewe ilianza karne ya 19 wanawake wa pwani yetu wakinunua vitambaa vya mkono kwa jora, wakakata wakaunga sita sita wajifunge. Na huko Gee's Bend, Alabama, Marekani, akina mama weusi walishona kwa nguo za shamba zilizochakaa ili watoto wasipate baridi, na mwaka 2002 mifarishi yao hiyo hiyo ikatundikwa kwenye jumba la Whitney, New York.

MASWALI YA WANACHAMA

Kutoka Kisauni: Dada, na joto hili la Mombasa nani atajifunika mfarishi?

Ndiyo sababu hujaona nimetaja pamba ya kujaza katikati. Lile shuka kuukuu la msingi ndilo tabaka la kati, mfarishi unakuwa mwepesi. Wakati wa kaskazi utautandika tu, lakini kusi likivuma, Juni mpaka Agosti, alfajiri utautafuta mwenyewe. Wa Taita ama Limuru ndio waongeze blanketi jembamba katikati.

Kutoka Likoni: Sina cherehani mamangu, nifanyeje?

Mwanangu mkono watosha kabisa. Kuna Wasidi wa Karnataka, India, watu wenye asili ya Afrika, wao hushona mfarishi wao uitwao kawandi wote kwa mkono. Watandaza kitambaa cha nyuma, waanza pembeni, kila kiraka wakikunja ukingo wake ndani na kukishona kwa mshono wa bandi ndogo ndogo moja kwa moja mpaka nyuma, wazunguka ukingo wote, duru kwa duru mpaka wafike katikati. Yaani kuunga na kushikisha matabaka ni kazi moja. Pembe nne huweka viraka vidogo vilivyokunjwa kama ua. Wewe kwa mara ya kwanza fanya wa mtoto, futi tatu kwa tatu, uubebe kwenye mkoba, foleni ya ferry peke yake itakumalizia duru nzima.

Kutoka Tudor: Nina doti za marehemu mamangu, nataka mfarishi lakini mkono wakataa kukata.

Pole mpenzi, Mungu amrehemu. Basi usikate. Doti iliyo nzima ifanye nyuma kama nilivyoeleza, utaitenganisha katikati tu pale ambapo ingetenganishwa hata kwa kuvaa. Iliyochanika peke yake ndiyo ya kutoa tepe, na jina lake liweke mraba wa katikati kabisa. Kama leso imelainika sana mpaka waona mwanga, ibandikie kitambaa chepesi nyuma kwa bandi kabla hujaikata, la sivyo itakatikia kwenye mshono.

Kutoka Changamwe: Mimi ni fundi wa sare za shule, mabaki yangu ni poliesta mchanganyiko, yafaa?

Kaka yafaa, ila yasiingie na leso mraba mmoja, yale hayalegei na leso hulegea, mraba utajikunja. Yashone peke yake, pasi ya vuguvugu, utoe mkeka wa watoto kuchezea ama mfuko wa sokoni, na kwa kazi hiyo ni magumu kushinda pamba. Na mabaki ya pamba usitupe tafadhali, kuna watu hapa watayafuata mpaka dukani.

Kutoka Mji wa Kale: Vitambaa vyangu vimepata madoa ya kahawia na harufu ya ukungu, na sijavigusa miezi.

Hayo madoa angalia kama ulisahau pini ndani, hewa ya bahari huzitia kutu haraka, kwa hivyo kitambaa kisilale na pini hata usiku mmoja ukiweza. Doa la kutu jaribu ndimu na chumvi, uanike juani, usuuze vizuri, lakini jaribu pembeni kwanza kwa kitambaa cha rangi. Ukungu ni kwa sababu ya kuvifunga kwenye plastiki vikiwa na unyevu. Vitie kwenye mfuko wa kitambaa ama kikapu cha ukindu, na kila mwezi vitoe upepo siku ya jua kavu. Mfarishi ukiisha nao uanike nyuma ikiangalia juu, ili jua lile leso na lisile viraka.