Somo: Kutengeneza mfumo wa kumsaidia mteja kuchagua na kupanga bidhaa

Wakuu, nitatumia mfano wa kompyuta ya mezani, maana vipande vyake hukataana waziwazi.

Hatua ya 1. Orodhesha vipande na sifa zinazopimika: wati, milimita, aina ya soketi (tundu la kuchomekea kichakataji).

Hatua ya 2. Andika kanuni. Kazi yenyewe iko hapa, usiharakishe. RAM (kumbukumbu ya muda) ya kizazi cha DDR5 haiingii kwenye madabodi (ubao mkuu) ya kizazi cha DDR4, kwa sababu pengo kati ya meno yake limekaa mahali tofauti. Kadi ya picha isizidi urefu wa nafasi iliyomo ndani ya kasha. Vipande 5 vyenye chaguo 10 kila kimoja vinazaa michanganyiko 100,000. Kanuni ndizo zinazoichuja. XCON, mfumo uliotokana na kazi ya John McDermott wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon mwaka 1978, ulipanga kompyuta za VAX za kampuni ya DEC kwa njia hiyohiyo. Kanuni zake zilifika maelfu, na kuzitunza kukawa kazi ya kudumu. Ndiyo maana nasisitiza: kanuni zikae kwenye jedwali, zisichimbiwe ndani ya msimbo wa programu.

Hatua ya 3. Muulize mteja matumizi. "Utahariri video?" "Kelele za feni zitakusumbua?" Ukimuuliza anataka GB ngapi za RAM, umemrudishia kazi aliyokuja kusaidiwa.

Hatua ya 4. Michanganyiko iliyokidhi kanuni ipange kwa uzito wa anachojali zaidi mteja.

Hatua ya 5. Matokeo yakikosekana, usimwachie ukurasa mtupu. Tafuta masharti yanayogongana, kisha mwambie: "Ukikubali kasha kubwa zaidi, au kadi fupi, chaguo zipo." Mfumo usioweza kusema hivi, mimi siuhesabu kuwa umekamilika.

Maswali ya wanachama

*Kwa nini tusitumie tu "walionunua hiki walinunua na kile"?*
Kwa nyimbo inafaa sana. Kompyuta mtu hununua mara moja kwa miaka kadhaa, kwa hiyo historia yake ni haba. Isitoshe, mtindo huo haujui kipande gani kinaingiana na kipi. Uutumie kwenye hatua ya 4, baada ya kanuni kuchuja.

*Mteja akibadili mawazo katikati?*
Arudi popote bila kupoteza majibu mengine. Piga hesabu upya, umwonyeshe kilichobadilika, bei ikiwemo.

*Chaguo zisizowezekana tuzifiche?*
Hapana. Zipewe rangi hafifu na sababu pembeni: "Inahitaji wati 750, pawa saplai uliyochagua ina 550." Akiiona sababu, atajua mwenyewe abadilishe nini.