Somo: Kutazama kinyago cha shetani kabla ya kuuliza "hiki ni nini?"

Mtu akikabidhiwa kinyago cha Kimakonde cha mtindo wa shetani, swali la kwanza ni "hiki ni nini?" Muuzaji anajibu "mama na mtoto", basi, kuanzia hapo jicho linamtafuta mama na mtoto tu. Somo hili linageuza mpangilio: macho kwanza, jina mwisho.

Andaa kinyago, meza unayoweza kuizunguka, tochi ya simu, karatasi na penseli. Tenga nusu saa.

Hatua ya 1: Tambua mtindo. Binadamu ni mtu au mnyama wa kawaida: mzee na mkongojo wake, mama na mtungi. Ujamaa ni mnara wa watu waliobebana, wote wametoka kwenye gogo moja. Mawingu ni maumbo yaliyopinda, yasiyo na sura kamili. Shetani ndiyo yenye jicho moja, sikio linalogeuka mkono, mdomo unaoshuka hadi tumboni. Mwanzilishi wake anatajwa kuwa Samaki Likankoa, Mmakonde aliyechonga Dar es Salaam miaka ya 1950. Ukikosea hapa unakosea kote, maana utadai uwiano wa mwili kwenye kitu ambacho hakikuahidi uwiano.

Hatua ya 2: Panga mwanga. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Mpingo uliopigwa msasa ukang'arishwa unarudisha mwanga kama kioo, na taa ya juu huchora mistari myeupe ambayo jicho linaidhani ni ukingo wa pua au mbavu. Zima taa ya juu. Weka tochi ubavuni, usawa wa kinyago, kama sentimita 50 kutoka kilipo, kisha isogeze taratibu. Mstari unaohama pamoja na tochi ni mng'ao. Unaobaki pale pale ni alama ya patasi.

Hatua ya 3: Zunguka. Anza mita 3 mbali uone umbo zima, kisha sogea. Geuza kinyago nyuzi 45 kila mara, vituo vinane, dakika moja kila kituo. Usiruke mgongo. Mchongaji wa shetani hana "mbele" moja. Mara nyingi kisogo cha kiumbe wa kwanza ndicho uso wa wa pili.

Tuchukue umbo la aina inayoonekana sana. Mbele: kichwa kirefu, jicho moja limetokeza, ulimi umeshuka. Geuza nyuzi 90: ule ulimi sasa ni mguu wa kiumbe mdogo aliyeinama. Geuza tena: kati ya mguu na kiwiliwili kuna tundu, na kingo zake zinafanya uso wa tatu ambao hauna mti ndani yake, ni hewa tupu. Matundu ya namna hii yatazame kama unavyotazama mti wenyewe. Yamechongwa kwa makusudi, tena ndiyo kazi ngumu, kwa sababu patasi ikipita kiasi hakuna kurudisha.

Hatua ya 4: Andika safu mbili. Kushoto "naona", kulia "nadhani". "Duara lililotokeza, upana wa sentimita 2" linakaa kushoto. "Jicho lenye hasira" linakaa kulia. Ikiwa safu ya kulia ni ndefu kuliko ya kushoto, hukutazama, ulikuwa unajitungia. Rudi hatua ya 3.

Hatua ya 5: Fuata mti. Kiini cha mpingo ni cheusi chenye uzambarau au rangi ya udongo kidogo. Sehemu ya nje ni nyeupe ya njano. Mchongaji akiuacha weupe huo kwenye ukingo, jiulize umefanya kazi gani: nywele? nguo? Shina la mpingo hupinda na kuwa na mashimo, kwa hiyo mkunjo unaoonekana wa ajabu huenda ulikuwa tayari kwenye gogo, na fundi akaufuata badala ya kupigana nao.

Hatua ya 6: Sasa uliza jina. Lilinganishe na safu ya kushoto. Likieleza mambo matatu au zaidi uliyoyaandika, lina uzito.

MASWALI YA WANACHAMA

Muuzaji mmoja kaniambia "mama na mtoto", wa pili "popobawa". Mkweli nani?
Pengine hakuna hata mmoja. Jina la popobawa, pepo anayeogopwa visiwani, lilivuma sana mwaka 1995 kutoka Pemba na Unguja. Kinyago cha kabla ya hapo huenda kilibandikwa jina hilo baadaye. Majina huhama. Hata ile minara ya watu waliobebana, Wamakonde waliiita dimoongo. "Ujamaa" lilishika kutokana na siasa za wakati wa Mwalimu Nyerere.

Nikiona uso ambao mchongaji hakuukusudia, nimekosea?
Hapana, ila uweke kulia. Akili ya binadamu hutafuta uso kila mahali, hata kwenye fundo la mti. Kipimo: jicho lililokusudiwa limemalizwa, ukingo wake umekatwa pande zote. Fundo halina ukingo.

Wazee nyumbani hawataki kiitwe shetani, wanasema ni Ibilisi.
Neno ndilo linalowachanganya. Pwani, shetani ni pepo wa aina nyingi, wapo wabaya na wapo watani tu. Wamakonde wana nnandenga, viumbe wa porini. Tazama vinyago vyenyewe: vingi vinachekesha kuliko kutisha.

Picha nikipiga kwa simu inatoka kijivu, michongo haionekani.
Simu ikiona kitu cheusi inaongeza mwanga yenyewe. Gusa skrini palipo na mti, shusha mwanga hadi weusi urudi, zima flashi. Pazia jepesi dirishani linashinda taa. Na usipake mafuta mengi ili king'ae, utazalisha ile mistari ya hatua ya 2.

Njia hii inafaa kwa michoro ya George Lilanga?
Kwa sehemu. Lilanga, msanii wa Tanzania (1934–2005), alianzia kwenye uchongaji kabla ya rangi, na viumbe wake wenye masikio makubwa ni ndugu wa hawa. Mchoro hauzungukwi, kwa hiyo hatua ya 3 ibadilishe: ziba viumbe kwa kiganja, tazama nafasi zilizobaki kati yao.

Nitajuaje si mti mwepesi uliopakwa rangi ya viatu?
Pima uzito. Kipande cha mpingo cha sentimita 10 kila upande kinazidi kilo moja, maana mpingo huzama majini. Usikitumbukize kinyago kujaribu, kinaweza kupasuka kikikauka. Sugua chini ya kitako kwa kitambaa chenye unyevu: rangi ya viatu itabaki kwenye kitambaa.